Kotisoli ya mate kwa vichanga: majibu yakikataa kueleweka, uanze kutafuta wapi

Kwenye karatasi kipimo hiki ni chepesi. Unachukua mate ya mtoto kabla ya sindano ya chanjo, unachukua mengine dakika 20 baadaye, mengine tena dakika ya 40, kisha maabara inakwambia kotisoli, homoni ya mkazo, ilipanda kiasi gani. Kliniki za Mombasa hupokea watoto wa wiki 6, 10 na 14 siku zote za kazi, na sindano ya paja watachomwa hata kama hakuna utafiti, kwa hiyo hakuna sababu ya kumbunia mtoto adha nyingine. Kazi huja namba zinaporudi: huyu hakupanda, yule ameanza juu na kushuka, mwingine ana kiasi ambacho hata mtu mzima mgonjwa hakifikii.

Kabla ya kutafuta kosa, kumbuka njia ambayo homoni hii hupita. Haipothalamasi iliyo ubongoni huiamuru pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, pituitari hutoa homoni ya ACTH, nazo tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo humwaga kotisoli kwenye damu. Inayopenya hadi kwenye mate ni ile tu ambayo haijashikwa na protini za damu. Safari hiyo huchukua muda. Kilele kwenye mate huonekana kati ya dakika 20 na 30 baada ya tukio, na kwa baadhi ya watoto hadi 40. Hivyo mate unayoyachukua sasa yanasimulia yaliyompata mtoto karibu nusu saa iliyopita. Atakayesahau hilo atasumbuka na nusu ya matatizo yaliyo hapa chini.

Tafuta kosa kwa mpangilio huu: mdomo, saa, hali ya mtoto, friji, sahani ya maabara (ile yenye visima vidogo vya kupimia). Wengi huanzia kwenye sahani kwa kuwa namba zilitoka huko, ilhali makosa mengi yalishafanyika kwenye benchi la kliniki.

Mate hayatoshi

Swabu, kijiti cha kufyonza mate, imerudi na unyevu tu, na maabara imeandika kwamba kiasi ni kidogo. Mtoto wa wiki 6 ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu tezi zake za mate bado hazijachangamka. Udenda wa kulowesha kifua huanza karibu na miezi 3 hadi 4. Vipimo vingi vya ELISA vya mate, vinavyonasa homoni kwa kingamwili na kuionyesha kwa rangi, hutumia mikrolita 25 kwa kisima, na kila sampuli hupimwa kwenye visima viwili, yaani mikrolita 50, bila kuhesabu tone linalobaki chini ya bomba ambalo pipeti hailifikii. Lenga mikrolita 200. Ukipata chini ya 75, andika hapo hapo kwamba hakuna nafasi ya kurudia kipimo.

Anza kwa kuangalia swabu yenyewe. Pamba ya duka la dawa hufyonza mate na kukataa kuyaachia. Tumia swabu ya polima iliyotengenezwa kwa vichanga, iliyo ndefu ya kutosha ili mtu mzima abaki ameshika ncha ya pili muda wote. Kipande kifupi kisiingie mdomoni mwa mtoto hata kidogo, kwa kuwa kitamkaba. Weka ncha kati ya ufizi na shavu, kisha isogeze chini ya ulimi, kwa jumla ya sekunde 60 hadi 90. Si lazima ziende mfululizo. Mtoto akiinyonya swabu, mwache, anakusaidia. Akilia kwa mdomo wazi hukauka, kwa hiyo ngoja atulie kidogo huku saa yako ikiendelea.

Wapo wanaoshauri tone la ndimu au chembe za unga wa juisi ili mate yatiririke. Usifanye. Asidi huvuruga kingamwili zilizo ndani ya kipimo na kukupa kotisoli ya uongo, na mtoto wa chini ya miezi 6 hapaswi kuonjeshwa chochote zaidi ya maziwa ya mama, chanjo na dawa alizoandikiwa.

Swabu ikiwa imelowa vizuri lakini bomba limetoa matone mawili, geukia sentrifuji, mashine inayozungusha bomba ili mate yatoke. Maelekezo husema 1,500 g kwa dakika 15, na fundi huweka 1,500 kwenye kioo cha mizunguko kwa dakika. Hivyo ni vitu viwili tofauti: g ni nguvu, mizunguko ni kasi. Kwenye mashine yenye nusu kipenyo ya sentimita 10, mizunguko 1,500 hutoa takriban 250 g tu, yaani sehemu moja ya sita ya nguvu inayotakiwa. Ili ufike 1,500 g kwenye mashine hiyo unahitaji mizunguko kama 3,660. Pima nusu kipenyo cha mashine yako kwa rula, ufanye hesabu mara moja, kisha ubandike jibu kwenye kifuniko.

Kuna njia rahisi ya kujua umepata kiasi gani kabla mama hajaondoka: pima bomba lenye swabu kavu kwenye mizani ya maabara asubuhi, kisha lipime tena likiwa na mate. Ongezeko la gramu 0.1 ni karibu mikrolita 100.

Sampuli moja iko juu kupita kiasi

Mstari wetu wa kutilia shaka ni 2 µg/dL (mikrogramu kwa desilita), karibu 55 nmol/L. Sampuli iliyoupita haitupwi papo hapo, lakini inaulizwa maswali.

Swali la kwanza ni maziwa. Maziwa ya mama yana kotisoli yake mwenyewe, na hiyo hufuata saa ya mama, kwa hiyo ya asubuhi huwa nyingi kuliko ya jioni. Maziwa ya ng'ombe nayo yanayo, na ELISA haiulizi kotisoli ni ya nani. Kanuni ni kungoja dakika 30 baada ya kunyonya. Mtoto wa wiki 6 mwenye njaa hazijui kanuni, basi akinyonya, mpanguse mdomo kwa shashi safi iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa na kupoa, ufizi na ndani ya mashavu yote mawili, kisha ngoja dakika 10. Akicheua, rudia upya na uandike. Mweleze mama mapema kwa lugha anayoizoea: "Mama, akimaliza kunyonya tutampangusa mdomo, kisha tungoje kidogo ndipo tuchukue mate." Mama asiyeelezwa atamnyonyesha wakati umegeuka kuandika lebo, na hana kosa.

Swali la pili ni matone. Chanjo ya polio ya matone na ya rota hupitia mdomoni siku ile ile ya sindano, na ya rota huwa na sukari. Vivyo hivyo dawa za maji ambazo baadhi ya watoto hupewa kila siku. Sampuli ya mwanzo ichukuliwe kabla ya matone yoyote. Kisha kubaliana na muuguzi: ama matone yatangulie na mdomo upanguswe, ama yaje mwisho baada ya sampuli ya dakika 40. Utaratibu wowote mtakaochagua uwe huo huo kwa watoto wote, kwa sababu utamu wenyewe hupunguza kilio cha sindano. Mkichagua matone mwisho, kadi isijazwe kabla hayajatolewa. Utafiti unaomfanya mtoto aondoke bila chanjo ni bora usifanyike.

Damu huonekana kwa macho. Swabu au mate yenye rangi ya waridi hayafai, kwa kuwa kotisoli ya damu ni nyingi mara kadhaa kuliko ya mate. Mtoto anayeota meno, au mwenye utando mweupe wa fangasi uliokwanguliwa na swabu, ndiye wa kuangaliwa zaidi.

Krimu ndiyo wengi wasiyoiwazia. Haidrokotisoni ni kotisoli ile ile kwa jina la dukani. Mama aliyempaka mtoto krimu ya vipele asubuhi, au mwenye krimu hiyo mikononi, akishika ncha ya swabu ameshaongeza namba yako. Vaa glavu mpya kwa kila mtoto, na swabu ishikwe na wewe au na mama aliyenawa kwa sabuni. Uliza pia, kwa adabu na pembeni, kuhusu mkorogo wa kung'arisha ngozi. Baadhi ya krimu hizo zina klobetasoli, steroidi kali sana. Hii mara nyingi haionekani kwenye kipimo kama kotisoli, ila ikipenya ngozi ya mtoto huzilaza tezi zake za adrenali, na hapo namba hushuka badala ya kupanda. Prednisoloni ya maji, anayopewa mtoto mwenye kifua kinachobana, hufanya kinyume: kingamwili za vipimo vingi huidhania kuwa kotisoli. Mtoto aliye kwenye steroidi yoyote, ya kunywa, ya kuvuta au ya kupaka, awekwe kundi lake peke yake.

Kotisoli haikupanda, au imeshuka baada ya sindano

Hapa ndipo watafiti wengi huandika "mtoto hana mwitikio" na kupotosha kila kitu kinachofuata. Kabla ya kuliandika neno hilo, tazama sampuli ya mwanzo. Ikiwa iko juu kuliko za watoto wenzake, mtoto hakukosa kuitikia. Aliitikia kitu kingine kabla hujafika na sindano, na mfumo ulioanza juu una nafasi ndogo ya kupanda zaidi.

Kitu hicho chaweza kuwa safari. Mama anayetoka Likoni kuja kisiwani ameshapanda matatu, amengoja feri juani, ameshuka na kupanda tuktuk, kisha ameketi kwenye foleni. Kwa mtoto wa wiki 6 kuna jambo la ziada: katika nyumba nyingi za Mwambao mama na mtoto hukaa ndani hadi arubaini iishe, na kliniki ya wiki 6 ni siku ya 42. Huenda ndiyo mara yake ya kwanza kuona jua la barabarani na kusikia honi. Usilinganishe sampuli yake ya mwanzo na ya mtoto wa wiki 14 kana kwamba wamefika kwa hali moja.

Lakini mkosaji mkubwa ni mizani. Utaratibu wa kliniki ni kumvua mtoto nguo, kumning'iniza au kumlaza kwenye mizani, kumvisha, kisha kungoja chanjo. Kuvuliwa na kupimwa uzito kunatosha kabisa kupandisha kotisoli ya kichanga. Ikipita nusu saa kati ya mizani na swabu yako ya mwanzo, sampuli unayoiita "kabla" ndiyo kilele cha mizani, na ile ya dakika 20 baada ya sindano imechanganya kushuka kwa kwanza na kupanda kwa pili. Ukichora namba utaona mstari bapa.

Dawa yake ni kupanga upya benchi. Mtoto apimwe uzito mara tu anapofika. Kisha mama akae naye mahali pa kivuli, pasipo na feni ya kumpuliza usoni, kwa dakika 45 hivi, akiwa amefungwa leso au amebebwa. Chukua swabu mbili za mwanzo: moja anapofika, nyingine dakika chache kabla ya sindano. Ya kwanza ikiwa juu ya pili, safari inaonekana kwa macho na unaweza kuiondoa kwenye hesabu. Gharama inaongezeka kwa sampuli moja kila mtoto, nasi tunaona ni pesa iliyotumika vizuri kuliko kuongeza idadi ya watoto.

Kama sampuli ya mwanzo iko chini na bado hakuna kupanda, hamia kwenye saa. Andika muda wa sindano, na muda swabu ilipoingia mdomoni, kwa saa moja ile ile. Si muda ulioandikwa kwenye lebo baada ya kurudi mezani. "Dakika 20" ambayo kwa kweli ilikuwa 12 kwa sababu mama alikuwa na haraka ya gari, au 50 kwa sababu mtoto alikuwa akilia, itakosa kilele. Watoto wanaochomwa sindano mbili au tatu, kama ilivyo wiki 14 inapoongezwa ile ya polio, saa ihesabiwe toka sindano ya kwanza, na muda wa mwisho uandikwe pia. Wengine siku hiyo huchomwa kisigino kwa tone la damu la kupimwa. Hilo ni tukio jingine lenye saa yake.

Kisha usingizi. Kotisoli hushuka mtoto anapolala mchana, na aliyesinzia mara baada ya sindano atakuwa na sampuli ya dakika 40 iliyo chini ya ya mwanzo. Andika alilala saa ngapi na kuamka saa ngapi. Kwa umri huu taarifa hiyo ina maana kuliko saa ya ukutani, kwa kuwa mzunguko wa usiku na mchana haujatulia katika miezi 2 au 3 ya kwanza. Hata hivyo, shika masaa yale yale kwa wote.

Baadaye umri nao huingia. Mtoto wa miezi 2 hupanda vizuri kwa sindano, ila kuelekea miezi 6 na kuendelea hadi mwaka, watoto wanaolelewa kwa ukaribu hupanda kidogo au wasipande kabisa kwa tukio dogo. Hilo ni la kimaumbile, si hitilafu. Anayetaka kulinganisha sindano ya wiki 6 na ile ya surua ya miezi 9 ajue hapimi mfumo ulio katika hatua moja.

Mwisho, uliza kuhusu uzazi. Mama aliyepewa sindano za deksamethasoni au betamethasoni ili kukomaza mapafu ya mtoto kabla ya kujifungua mapema huenda akawa na mtoto ambaye adrenali zake zilitulizwa kwa muda. Kadi ya kliniki haionyeshi hilo kila mara, kwa hiyo soma karatasi ya kuruhusiwa hospitali.

Amelia sana lakini namba zimetulia

Hili halihitaji kurekebishwa. Kilio na kotisoli ni vitu viwili. Megan Gunnar na wenzake huko Marekani walionyesha mwaka 1984, kwa vichanga waliokuwa wakitahiriwa, kwamba kupewa chuchu bandia ya kunyonya kulipunguza kilio bila kupunguza kotisoli. Rekodi dakika za kilio kwenye safu yake, kotisoli kwenye yake, wala usitumie moja kusahihisha nyingine.

Visima viwili vya sampuli moja havikubaliani

Tofauti ikizidi asilimia 15, rudia kipimo. Kabla ya kumlaumu mshika pipeti, tazama mate yenyewe: ute hushika ncha ya pipeti na kukupa kiasi kisicho sahihi. Gandisha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, yeyusha, kisha zungusha 1,500 g kwa dakika 15. Ute hushuka chini, nawe chota juu tu. Kufyonza mate mabichi siku ile ile bila kuyagandisha huokoa muda na kupoteza sahani.

Joto na unyevu wa Mombasa vina hila yake. Pakiti ya sahani ikitoka friji na kufunguliwa hapo hapo, hewa ya chumba huweka jasho ndani ya visima kama glasi ya maji ya barafu mezani, na kingamwili zilizopakwa mle huharibika hapa na pale. Iache imefungwa saa moja na nusu hadi ifikie joto la chumba. Halafu tazama kiyoyozi: kikipuliza upande mmoja, visima vya ukingoni hupoa na kutoa rangi tofauti na vya katikati. Funika sahani na uisogeze. Chumba kilichopanda hadi nyuzi 30 kwa sababu stima imepotea huharakisha rangi, na muda ulioandikwa kwenye maelekezo hautumiki tena. Bora usianze sahani siku ambayo jenereta haina uhakika.

Kumbuka pia kwamba kipimo hiki ni cha ushindani: kotisoli nyingi hutoa rangi hafifu. Kisima ulichosahau kukitia kimeng'enya kitasomeka kama mtoto mwenye kotisoli ya ajabu. Sampuli zote za mtoto mmoja ziwe kwenye sahani moja.

Kundi zima liko juu, au chini

Kagua vizio kwanza. 1 µg/dL ni 27.59 nmol/L, na pia ni 10 ng/mL. Mtoto mwenye 0.3 µg/dL ana 8.3 nmol/L na 3 ng/mL, na namba hizi tatu zikiingia kwenye safu moja ya jedwali hakuna programu itakayokuonya.

Kama wote ni wa siku chache tangu kuzaliwa, sababu iko kwenye adrenali zao. Tezi ya kichanga bado ina ile sehemu ya mimba inayotoa steroidi nyingine kwa wingi, na ELISA huzihesabu baadhi yake kama kotisoli. Mate pia yana kotisoni, yaani kotisoli iliyozimwa na mwili, nyingi kuliko kotisoli yenyewe. Kwa umri huo, spektrometa ya masi, mashine inayotambua kemikali kwa uzito wa molekuli, ndiyo inayotenganisha. Kama huna njia ya kuipata, subiri wiki 6.

Joto la njiani si adui mkubwa kama wengi wanavyodhani. Kotisoli ni homoni ngumu, haipotei kwa saa chache ndani ya kibebeo chenye vifuko vya barafu. Kinachoharibu ni bakteria kwenye mate yaliyolala nje, na mate kukauka ndani ya bomba lisilofungwa vizuri, ambapo kilichobaki husomeka juu. Andika lebo kwa kalamu isiyofutika na unyevu. Lebo ya karatasi itabanduka ndani ya friza, na hapo hata sampuli nzuri haina mwenyewe.

Mama akiuliza majibu

Namba moja ya mate haisemi kama mtoto ana afya au malezi mazuri, na mwambie hivyo hivyo. Jambo hili liwe kwenye fomu ya ridhaa, pamoja na kibali cha kamati ya maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya. Mtoto anayetapika, asiyenyonya, aliyelegea au mwenye sukari ya chini hasubirishwi majibu ya ELISA. Apelekwe hospitali leo, akapimwe kotisoli ya damu na daktari.

Na nywele?

Wengine, mate yakiwashinda, hukimbilia nywele. Nywele hukusanya kotisoli ya miezi, karibu sentimita moja kwa mwezi, na haziwezi kukuonyesha mwitikio wa sindano. Zikitumika kwa swali linalozifaa, uliza kwanza kuhusu akika. Watoto wengi wa Kiislamu hapa hunyolewa siku ya saba, kwa hiyo nywele za mtoto wa wiki 6 zimeota baada ya kuzaliwa, ilhali za jirani yake ambaye hajanyolewa zina miezi ya tumboni. Andika tarehe ya kunyolewa kwenye fomu ile ile yenye tarehe ya kuzaliwa.